Sauti ya Tatu ya Mcheki

Mtu niliyemwonea wivu kuliko wote katika utu uzima wangu alikuwa amekwisha kufa miaka mia mbili na zaidi. Alikuwa Mcheki, mwalimu wa shule ya kijijini huko kwao Bohemia, mpiga kinanda wa kanisa na mtunzi wa misa. Sikupata kuona hata picha yake. Lakini mwalimu wetu wa kwaya alimpenda mtu huyo kwa namna ambayo hakunipenda mimi, na mimi ndiye niliyekaa mbele yake kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kwa miaka ishirini na minne, nikiimba sauti ya tatu.

Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidhania mwema. Nina kibanda cha kutengeneza redio na simu pale Mtendeni, nina mke na watoto, nasali, sina ugomvi na jirani. Lakini kuhusu Mwalimu nilikuwa na kijicho, na kila nitakachoeleza hapa juu yake kimepita kwanza kwenye kijicho hicho.

Alikuwa mfupi, mwenye koti la kahawia ambalo halikuvuliwa hata mwezi wa kumi, Tabora inapowaka. Alituongoza kwa kalamu ya wino mwekundu. Kalamu hiyo hiyo ndiyo iliyotuwekea alama za kuvuta pumzi kwenye karatasi, na ole wako uvute pumzi mahali pasipo na alama. Alikuwa na baiskeli nzuri, iliyotunzwa, lakini aliikokota tu. Kutoka nyumbani kwake Itetemia mpaka kanisani alitembea kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani, na ukimuuliza kwa nini hapandi anakwambia kwamba mtu aliyepanda baiskeli hasikii kitu isipokuwa upepo.

Na kusikia ndiko kulikokuwa kazi yake hasa. Watu arobaini wakiimba kwa pamoja, mmoja akiteleza nusu ya nusu ya sauti, kalamu inasimama hewani, halafu inakuja polepole mpaka inakuelekea wewe. Hasemi neno. Mara nyingi ilinielekea mimi. Tulipokwenda Igunga kwenye tamasha la kwaya, basi likiwa linapanda kimlima, alinigusa bega akasema, "Kijana, gari hili linaimba nota ya so. Dereva anataka liimbe la, nalo haliwezi." Dakika chache baadaye gari likagoma kweli, tukashuka kulisukuma. Nilikuwa na miaka karibu hamsini, fundi wa redio, mtu ninayeishi kwa kusikiliza mashine, na sikuwa nimesikia kitu. Wenzangu walicheka sana habari ile. Mimi nililisukuma gari kwa hasira.

Alituita sote "kijana," hata akina mama. Ukimwamkia "Shikamoo, Mwalimu," anaitika "Marahaba, kijana, umeimba leo?" Ukijibu kwamba hujaimba, anakusikitikia kweli, utadhani umemwambia hujala.

Njia aliyopenda kuipita ni ile ya vumbi ambayo wazee wa mjini husema misafara ya zamani iliifuata kwenda Ujiji. Sijui kama ni kweli, na nadhani hata yeye hakujua, lakini aliitumia kutusimanga. "Wanyamwezi walipita hapa na pembe za ndovu mabegani," alikuwa akisema, "miezi mitatu kufika pwani, miguu imepasuka, na walikuwa wakiimba, mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, kila mtu anajua mahali pake. Nyinyi mmekaa kwenye viti, mmeshiba, mnashindwa kuingia pamoja." Hapo tunacheka, naye hacheki, na tunaanza upya.

Mcheki alitufikia kupitia kwa daktari mmoja wa huko huko Ucheki, aliyefanya kazi mkoani kwetu miaka miwili na kuimba nasi sauti ya nne. Alipoondoka alimwachia Mwalimu bahasha kubwa yenye fotokopi za misa nzima, pamoja na habari za maisha ya mtunzi, ambazo yeye alizipata kwa bibi yake aliyezaliwa kijiji kimoja na mtunzi. Habari zenyewe si nyingi. Kijana mwenye kipaji, wenzake aliosoma nao wakaenda Viena kutafuta vyeo kwa mabwana wakubwa, yeye akabaki. Akaoa binti wa mwenye kinu cha kusaga nafaka. Asubuhi alifundisha watoto wa wakulima kusoma, mchana aliwafundisha fidla, jioni aliandika muziki, na Jumapili muziki huo ukaimbwa na wasagaji na washona viatu. Mwaka ambao kijiji hakina mpiga tarumbeta, aliandika misa isiyo na tarumbeta.

"Aliandika kwa makoo aliyokuwa nayo," Mwalimu alikuwa akisema, na macho yake yanalowa. "Hakusubiri makoo mengine."

Kwa maneno hayo tuliishi. Tukichelewa mazoezini, Mcheki hakuchelewa. Tukilalamika kwamba kinanda kina funguo mbili zilizokufa, Mcheki alipiga kinanda chenye panya ndani. Ilifika mahali tukawa tunakijua kijiji kile cha ng'ambo kuliko tunavyoijua Urambo. Nami nilikuwa nikijiuliza, mimi je? Mimi pia nimebaki. Wenzangu wamekwenda Dar es Salaam, mimi nipo hapa Mtendeni nachomelea waya, na nimetunga nyimbo kumi na moja kwa makoo haya haya. Nani amepata kuyalowesha macho kwa ajili yangu?

Nyimbo zangu alizisoma zote. Alizisoma kwa makini, kalamu mkononi, akanirudishia moja baada ya moja. Ya nne aliikubali, tukaiimba Jumapili moja ya Pasaka, mara moja tu. Nilipomwendea baada ya misa, nimejiandaa kupokea sifa, aliniambia, "Umejitahidi, kijana. Sasa nenda katunge." Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Lakini mtu huyu mgumu wa kupima kazi za wengine, yeye mwenyewe hakuwa na hata wimbo mmoja. Ndilo jambo nililoshindwa kulielewa kwa miaka mingi. Ukimuuliza anajibu, "Mimi ni mwandishi wa nota. Si mtunzi." Alilisema hivyo hivyo kila mara, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai kwa amri ya daktari. Mkewe ndiye aliyenisimulia kwamba ujanani alitunga zaburi moja, akampelekea padri aliyejua muziki, na padri akamwambia kwamba amenakili vizuri. Hakuwa amenakili. Aliichana, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kulinda kazi za watu. Karatasi isiyo na jina la mtunzi juu upande wa kulia haikuingia mazoezini kwetu. Aliwahi kuahirisha wimbo wa harusi kwa sababu hatukujua aliyeutunga.

Mkewe huyo tulimwita Mama. Alikuwa mrefu kumzidi mumewe, mcheshi, mwenye sauti ya kukwaruza, na hakuimba. Alikuja mazoezini na kapu la karanga, akakaa benchi la nyuma akimenya, na tukimaliza anatugawia. Kila mtu alijua kwamba Mwalimu akitaka kujua wimbo umekaa sawa hamtazami padri wala sisi, anatupa jicho benchi la nyuma. Mama akiwa ameacha kumenya, wimbo umekaa. Nilimwonea wivu Mwalimu kwa hilo pia. Mke wangu ananipenda, lakini nikitunga ananiuliza nitamaliza saa ngapi.

Sasa nieleze sauti ya tatu. Kwaya yetu haisomi nota za mistari mitano. Tunasoma do-re-mi kwa herufi, zimepangwa kwenye karatasi, kama kwaya nyingi za huku. Kwa hiyo Mwalimu ilimbidi aihamishe misa yote ya Mcheki kutoka kwenye mistari kwenda kwenye herufi, na maneno kutoka Kilatini kuja Kiswahili, kwa mkono. Ilimchukua Kwaresima nzima. Sauti ya kwanza, ya pili na ya nne zilikwenda vizuri. Ya tatu, yaani sauti ya juu ya wanaume, kwenye sehemu ya mwisho ya misa, ile ya Mwanakondoo, ikamtesa. Kila alipoiweka pamoja na nyingine ziligombana. Akasema fotokopi imechafuka, mistari imehama. Akakaa nayo wiki tatu, akiirekebisha kwa sikio nota moja moja, anatembea na baiskeli yake anaiimba njiani, anafuta, anaandika, mpaka zikapatana.

"Sijaongeza kitu," alituambia siku alipoileta. "Nimepangusa vumbi tu. Alichokusudia Mcheki ndicho hiki."

Tulipoiimba mara ya kwanza mimi mwenyewe nilishindwa kuimaliza. Sauti nyingine zote zinakwenda chini kwa utaratibu, na ya tatu peke yake inapanda, inakawia juu, inakataa kushuka, halafu inashuka wakati umekwisha kata tamaa nayo. Fundi cherehani jirani ya kibanda changu, mzee Mwislamu aliyezaliwa hapo hapo Mtendeni, alikuwa akinisikia nikiifanyia mazoezi mchana. Siku moja alisimamisha mashine yake, akaja mlangoni na kipimo shingoni. "Hiyo ya kupanda peke yake," akasema, "irudie, bwana. Hiyo imenifika." Nikairudia. Kwa mara ya kwanza maishani mtu aliacha kazi yake anisikilize, na nikajiona nimekuwa mtu. Kwaya nzima ilikuwa na watu watano wa sauti ya tatu, na katika hao mimi ndiye niliyeweza kukawia kule juu.

Kule Igunga tuliiimba Mwanakondoo hiyo, na ukumbi ukapiga makofi kwa muda mrefu. Msimamizi wa tamasha akauliza mtunzi ni nani. Mwalimu akasimama na kumhubiri Mcheki dakika kumi nzima, kinu, panya na yote. Wakati wa kurudi, basi likiwa limepona, Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu karibu na mumewe. Nilimsikia akimwambia, "Baba, ile ya tatu si ya Mzungu. Ni yako."

"Usimwibie marehemu, Mama."

"Sijui nota. Lakini nakujua wewe miaka thelathini na tisa. Ile inayokawia kushuka ni wewe ulivyo ukiitwa kula."

Walicheka wote wawili, naye akamkatalia tena. Kila mwaka tulipoiimba, Mama alilirudia neno hilo, na kila mwaka Mwalimu alilikataa.

Miaka minne iliyopita mpiga kinanda wetu, dada mmoja muuguzi, aliipata misa ile kwenye mtandao, imeimbwa na kwaya ya kwao kabisa Ucheki, akanirushia kwenye simu. Nilivaa spika za masikioni, kazi mezani, nikasubiri Mwanakondoo. Nikasubiri sauti yetu ianze kupanda. Haikupanda. Sauti ya tatu ya Mcheki ilikuwa imekaa katikati ya wenzake kwa adabu, inajaza pengo, haisemi neno lake mwenyewe. Nilirudia mara tisa. Siku iliyofuata nilimwomba Mwalimu bahasha, nikamdanganya kwamba nataka kuitolea nakala kabla karatasi hazijaoza.

Karatasi hazikuwa na uchafu wowote. Mwanzo wa mistari mitano huwekwa alama inayoitwa ufunguo, na ndiyo inayosema nota ipi inakaa mstari gani. Mwalimu alijua funguo mbili, ambazo ndizo anazozijua kila mwalimu wa kwaya huku. Sauti ya tatu ilikuwa imeandikwa kwa ufunguo wa tatu, wa kizamani, ambao hakuna aliyewahi kumfundisha. Padri mmoja aliyesomea muziki alileta simu yake kutengenezwa, nikamwonyesha ile karatasi. Akanieleza kwa sentensi mbili. Mwalimu alisoma kila nota hatua moja juu ya mahali pake, ndiyo maana ziligombana, na katika zile wiki tatu za kuzipatanisha hakuwa amepangusa vumbi. Alikuwa ametunga.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi, labda kwa muda wa kuwasha pasi ya kulehemu. Halafu furaha ikageuka. Mimi nimetunga kumi na moja kwa kukusudia, nimeomba, nimefuta, nimeandika, na hakuna aliyesimamisha cherehani. Yeye ametunga kwa kukosea, hata hataki, na ametunga kitu ambacho mimi nitakufa sijakitunga. Ana sikio, ana mke anayeacha kumenya karanga, ana Mcheki wake, na sasa nimpelekee na hili? Nilirudisha bahasha nikamwambia nakala zimetoka vizuri.

Nilijipa sababu nyingi za heshima. Kwamba atafedheheka kwa kosa la ufunguo. Kwamba ni mzee, tusimchanganye. Nilizitumia sababu hizo kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza miguu ilimshinda akanikabidhi kwaya, akaniwekea ile kalamu nyekundu mkononi mbele ya watu, na hata siku hiyo nilinyamaza. Mwishoni mwa mwaka wa pili Mama aliugua wiki mbili akafariki. Tuliimba Mwanakondoo kaburini. Niliongoza nikiwa naimba, nikapanda, nikakawia kule juu, Mwalimu amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya udongo mbichi, na nikajua naimba wimbo wa mume kwa mkewe na kwamba mwenye wimbo hajui. Baada ya kuweka mashada nilimshika mkono nikampa pole. Nikaenda zangu.

Mwezi uliopita kwaya iliamua kuchapa nota zetu zote kwa kompyuta ziwe kitabu. Nilikwenda Itetemia kumwonyesha. Nilimkuta barazani, amevaa koti lake, anachambua mbegu za karanga kwenye ungo.

"Mwangaluka, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, kijana. Umeimba leo?"

Alizipitia karatasi zote bila haraka. Alipofika Mwanakondoo alisogeza miwani. "Jina la Mcheki mmeliandika vibaya. Lina vikofia juu ya herufi, mbona hamkuviweka? Kazi ya mtu, jina lake likae sawasawa."

Sijui kwa nini ilikuwa siku hiyo. Labda ni vile vikofia. Mzee wa miaka themanini anahangaikia vikofia vya jina la mtu mwingine juu ya kazi yake mwenyewe, nami nimekaa naye. Nilitoa nakala ya karatasi ya mistari kutoka kwenye mkoba nikamweleza yote, ufunguo, hatua moja, ile kwaya ya mtandaoni. Nikamwambia, "Sauti ya tatu ni yako, Mwalimu. Si yake."

Aliweka kidole juu ya ile alama ya mwanzo. Akaisoma sauti ya Mcheki kama ilivyoandikwa, kwa sauti ndogo, mpaka mwisho, bila kukosea. Nilimwona anavyoisikia. Kisha uso ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona miaka yote niliyomjua, akawa na sura ya kijana aliyempelekea padri zaburi. Nikaona wivu hata pale.

"Haikuchafuka," akasema.

"Haikuchafuka."

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema jana. Mdomo ulikuwa tayari kusema jana. "Mwaka wa nne huu, Mwalimu."

Aliangalia ungo. Vidole vyake viliendelea kuchambua kidogo, halafu vikaacha.

"Mama alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Alikuwa hai miaka miwili mizima."

"Nisamehe, Mwalimu. Nilikuonea wivu."

"Nimekusikia," akasema. Nilitamani angenitukana, au angenifukuza. Aliinua karatasi ya Mwanakondoo, ile ya herufi, akaichomoa katikati ya zile nyingine, akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa ndani wa koti. "Wafundishe ile ya Mcheki, kama alivyoiandika. Hii isiimbwe tena."

"Watu wanaipenda, Mwalimu. Hatuna nzuri kuliko hiyo. Tuandike jina lako, basi, juu hapa."

"Aliyetaka jina langu liandikwe hapo alikuwa mmoja," akasema, akarudi kwenye mbegu zake.

Jumanne niligawa karatasi mpya. Wale wanne wa sauti ya tatu waliisoma, wakatazamana, na mmoja akauliza, "Kaka, ile yetu imekwenda wapi?" Nilikuwa nimejiandaa na uongo wa fotokopi. Niliweka kalamu chini nikawaeleza, tangu ufunguo mpaka kaburini, na miaka yote minne, na neno wivu nikalitaja. Dada wa kinanda alikuwa analia. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Mwishowe nikawapa sauti, tukaanza kuimba ya Mcheki.